Gari Linatetemeka Ukikanyaga Mafuta: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Karibu kila wiki dereva mmoja wa hapa Nakuru huniuliza swali lile lile. Gari lake hutulia likiwa limesimama na hutembea vizuri kwenye tambarare, lakini likianza kupanda kuelekea Salgaa na Mau Summit, au akilikanyagia mafuta ili apite lori, linatikisika hadi usukani na kiti vinatetemeka. Kabla sijajibu, anaongeza swali la pili: je, ninunue plagi mpya? Huenda plagi ndizo zenye kasoro, na huenda si zenyewe. Mtu anayenunua kipuri kabla ya kujua mtetemo unatoka wapi mara nyingi hulipia vipuri vitatu ili apate kimoja kilichohitajika. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye gari la petroli lenye injini ya injekta (vipulizio vya petroli, badala ya kabureta) na silinda nne, aina iliyojaa katika barabara zetu, na unaweza kuufuata ukiwa na vifaa vichache na nusu siku ya nafasi.

Mtetemo unaokuja wakati wa kukanyaga mafuta huwa na vyanzo vya namna tatu. Huenda silinda moja au zaidi haichomi mafuta ipasavyo, hali ambayo mafundi huiita kumisi. Huenda injini inachoma vizuri lakini vikalio vya mpira vinavyoibeba, yaani maunti, vimepasuka, hivyo kila nguvu inapoongezeka injini inagonga bodi. Au huenda tatizo liko mbele zaidi, katika shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu au katika giaboksi. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua gari lako liko katika kundi lipi.

Jambo moja la mahali petu linafaa kusemwa mapema. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza huku karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Gari kuwa zito kidogo mlimani kwa sababu hiyo si ugonjwa. Kutetemeka ni ugonjwa, na mwinuko hausababishi kutetemeka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kifaa cha kusoma kodi za injini, yaani nambari za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, ama skana ndogo au kile kinachounganishwa na simu kwa bluetooth. Kama huna, azima, usikiruke.
- Racheti yenye mkono wa kurefusha, soketi ya mm 10, na soketi ya plagi yenye mpira ndani. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE hutumia soketi ya plagi ya mm 16, na injini nyingi za Nissan za miaka ya karibuni hutumia ya mm 14.
- Tochi yenye mwanga mkali, glavu kavu, na tambara lisiloacha nyuzi.
- Chupa ya maji safi yenye kipulizio.
- Dawa ya kusafishia sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Dawa ya kusafishia kabureta ni kitu kingine na haifai kwa sensa hiyo.
- Jeki, stendi mbili imara, na vigingi vya kuzuia magurudumu.
- Daftari, kalamu, na mtu mmoja mwenye leseni wa kukusaidia.

Ikiwa taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa wakati gari linatetemeka, acha kulikanyagia mafuta mara moja na usiendelee na safari ndefu. Taa inayopepesa ina maana kwamba petroli isiyochomwa inaingia katika egzosi na kuungulia ndani ya kichujio cha moshi (katalitiki konverta), na kichujio hicho ni ghali kuliko plagi zote na koili zote, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, za gari lako. Taa inayowaka bila kupepesa inakupa muda wa kuchunguza.

Hatua za kazi

1. Andika mtetemo unavyokuja. Kaa na daftari kabla ya kufungua boneti, kisha ujibu maswali haya: gari linatetemeka likiwa baridi, likiwa moto, au nyakati zote? Kwa mwendo gani? Ukiachia pedali huku gari likiendelea kwa mwendo ule ule, mtetemo unaisha? Mtikisiko usio na mpangilio, unaoambatana na gari kukosa nguvu, huelekeza kwenye kumisi. Kishindo kimoja unapoondoka, au unapotoa gia D kwenda R, huelekeza kwenye maunti. Mwili wa gari ukiyumba kushoto na kulia unapokanyaga mafuta, kisha ukatulia mara tu unapoachia pedali, shuku jointi ya ndani ya shafti, ile iliyo upande wa giaboksi. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani, tuseme kilomita 90 kwa saa, na usiojali kama umekanyaga au umeachia, kwa kawaida ni wa magurudumu yasiyosawazishwa, na mwongozo huu hautakusaidia.

2. Lijaribu gari likiwa na mzigo. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi: watu husimamisha gari, huweka gia huru, hukanyaga mafuta hadi injini inguruma, kisha husema injini ni nzima kwa kuwa haikutetemeka. Injini isiyo na mzigo huficha ugonjwa wake, kwa sababu cheche dhaifu inaweza kuruka katika silinda yenye hewa kidogo na ikashindwa pale silinda inapojaa hewa na shinikizo linapopanda. Tafuta mwinuko wenye magari machache. Wa Nakuru wanaweza kupanda Milimani kuelekea Menengai, na wa Kisumu wana mlima wa Riat baada ya Mamboleo, wakichagua saa ambayo barabara imetulia. Usifanye jaribio hili kwenye barabara kuu ya Salgaa, ambako malori mazito hayakupi nafasi ya kusikiliza gari. Msaidizi aendeshe, wewe usikilize na kuandika.

3. Soma kodi za injini. Tundu la kuunganishia kifaa huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Kodi P0300 inasema injini inamisi bila kutaja silinda moja, na P0301 hadi P0304 zinataja silinda kwa nambari ya mwisho. Katika Toyota yenye injini iliyolala kwa upana, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. P0171 inasema hewa ni nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Ziandike zote kabla ya kuzifuta, kwa kuwa kodi iliyofutwa bila kuandikwa ni ushahidi uliotupwa. Kutokuwa na kodi kabisa nako ni habari: kunafanya maunti na shafti zishukiwe zaidi, ingawa kumisi kwa nadra huweza kutoandikwa.

4. Angalia kwa macho kabla ya kugusa spana. Fungua kasha la filta ya hewa. Kwa anayepita kila siku katika barabara za vumbi, filta hujaa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kisha shika bomba kubwa la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, na ulikunje taratibu mkunjo baada ya mkunjo huku ukimulika kwa tochi. Ufa katika bomba hili mara nyingi umefungika injini ikiwa imetulia. Unapokanyaga mafuta injini inainama, ufa unafunguka, na hewa isiyopimwa inaingia. Ndiyo maana ufa huo huwapita watu wengi wanaoangalia tu bila kulikunja bomba.

5. Toa koili na plagi, moja baada ya nyingine. Zima injini na uiache ipoe kabisa, kwa sababu plagi ikifunguliwa wakati kichwa cha silinda cha alumini kingali moto inaweza kutoka na nyuzi (treadi) za tundu lake. Chomoa soketi ya umeme ya koili kwa kubonyeza kishikio chake, usivute waya. Fungua bolti ya mm 10, zungusha koili kidogo kushoto na kulia, kisha uivute juu taratibu. Puliza vumbi ndani ya tundu kabla ya kulegeza plagi, la sivyo mchanga huo utaingia katika silinda. Panga plagi na koili mezani kwa mfuatano wa silinda zake.

Hapa inafaa utumie muda. Plagi ya rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli kupita kiasi au cheche dhaifu, weupe wa chokaa unaonyesha hewa nyingi au joto kali, na plagi iliyolowa petroli ni ya silinda ambayo haikuwaka. Baada ya hapo chukua plagi moja na uizungushe polepole chini ya tochi, ukiangalia ile sehemu nyeupe ya kauri kuanzia kwenye ncha ya juu hadi kwenye chuma. Gari langu mwenyewe lilinitesa kwa miezi miwili. Duka moja la vipuri lilinishauri nibadilishe filta, kisha pampu ya petroli, kisha maunti ya kulia, na mlimani gari liliendelea kutikisika vile vile. Siku nilipozitoa plagi na kuziangalia kwa utulivu, niliona kwenye kauri ya silinda ya tatu mstari mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, ukishuka kutoka juu hadi kwenye chuma. Mpira wa koili ya silinda hiyo ulikuwa umevimba na kulainika kwa sababu oili ilikuwa imevuja kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na kujaa ndani ya tundu. Umeme ulikuwa ukipita njia ya mstari ule, nje ya kauri, badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, na ulifanya hivyo tu pale mzigo ulipozidi. Plagi moja, mpira mmoja wa koili na gasketi vilimaliza jambo lililokuwa limemeza fedha zangu kwa miezi miwili.

Ukikuta oili ndani ya tundu la plagi, kwanza ifute yote kabla ya kufungua plagi, na usikubali kuweka koili mpya bila kubadilisha gasketi na sili za matundu ya plagi. Oili itarudi na koili mpya itakufa kama ya zamani.

Unaporudisha plagi, anza kuikaza kwa mkono ukitumia soketi na mkono wa kurefusha bila racheti, hadi ikae. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja, irudishe nyuma na uanze upya. Mkazo wa mwisho kwa 1NZ-FE ni Nm 18 tu, ambao si mkubwa, na watu hupasua kauri au kuharibu nyuzi kwa kukaza kwa nguvu zote. Plagi za iridiamu zisipanuliwe wala kubanwa pengo lake, kwa kuwa ncha yake nyembamba huvunjika. Nunua kwa muuzaji unayemwamini na uzilinganishe na za zamani: maandishi yaliyofifia, kauri yenye mawimbi, au ncha nne zisizofanana ndani ya pakiti moja ni dalili za plagi bandia.

6. Hamisha kipuri badala ya kukinunua. Ikiwa kodi ilikuwa P0302, weka koili ya silinda ya pili kwenye ya nne, na ya nne kwenye ya pili. Futa kodi, panda mlima ule ule, kisha usome tena. Kodi ikigeuka kuwa P0304, koili ndiyo mbovu na unaweza kuinunua ukiwa na hakika. Kodi ikibaki P0302, rudia kwa plagi, na baadaye kwa injekta ikiwa unaweza kuifikia. Hamisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukihamisha koili na plagi pamoja hutajua ni kipi kilichoifuata kodi. Kupima koili za aina hii kwa kipima umeme cha kawaida hakusaidii sana, kwani nyingi zina kifaa cha kielektroniki ndani na zinaweza kuonekana nzima zikiwa baridi. Na tafadhali usiinue koili kutoka kwenye plagi injini ikiwaka, ingawa utaona ikifanywa katika gereji nyingi. Volti zake ni maelfu, zinaweza kukudhuru na zinaweza kuua koili yenyewe. Kama ni lazima uzime silinda moja, chomoa soketi yake ya umeme kwa sekunde chache, ukiwa umevaa glavu.

7. Tafuta hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Ikiwa ulisoma P0171, washa injini iache ingurume polepole, kisha pulizia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya mabomba madogo ya mpira na kwenye gasketi ya njia ya kuingizia hewa. Mlio wa injini ukibadilika unapopulizia mahali fulani, hapo ndipo panapovuja. Nasisitiza maji, kwa sababu dawa ya kusafishia kabureta inashika moto na egzosi iko karibu. Maji yenyewe yasielekezwe kwenye koili wala kwenye soketi za umeme. Kisha toa sensa ya hewa, uipulizie dawa yake bila kuigusa kwa kidole wala pamba, na uiache ikauke kabla ya kuirudisha. Kifaa chako kikionyesha marekebisho ya petroli (fuel trim), yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, yasome mara mbili: yakiwa juu injini ikinguruma polepole na yakishuka ukiongeza mzunguko, hewa inavuja, yakiwa ya kawaida mwanzoni na yakipanda mlimani, petroli haitoshi, au sensa ya hewa ni chafu.

8. Kagua petroli. Gari lililoanza kutetemeka muda mfupi baada ya kujaza tangi mahali usipopazoea linastahili kushukiwa hapa kwanza. Kuchanganya petroli na mafuta taa kulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Petroli yenye maji hutengana ikiachwa katika chupa ya kioo inayoonyesha, na maji hukaa chini. Shinikizo la petroli lipimwe na fundi mwenye geji. Kwa 1NZ-FE huwa kati ya kPa 304 na 343, na ni muhimu lisishuke injini inapokanyagiwa. Usifungue bomba la petroli mwenyewe bila kuliondolea shinikizo, na usifanye kazi hiyo karibu na jiko, sigara au mashine ya kuchomelea.

9. Pima maunti. Egesha mahali tambarare, funga magurudumu kwa vigingi, vuta breki ya mkono. Msaidizi akanyage breki ya mguu kwa nguvu, aweke D, kisha akanyage mafuta kidogo kwa sekunde mbili au tatu tu. Arudie kwa R. Wewe simama ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka na kurudi kwa kishindo, maunti imepasuka. Zile zenye kimiminika ndani huacha mvujo mweusi chini yake zinapokufa. Injini inayomisi huua maunti kwa kuzitikisa, kwa hiyo maliza hatua ya 5 na ya 6 kabla ya kununua maunti, vinginevyo mpya zitakufa vile vile.

10. Kagua shafti. Inua mbele ya gari kwa jeki, uliweke juu ya stendi, na usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Tafuta mpira uliochanika na grisi iliyotapakaa. Shika shafti karibu na giaboksi na uitikise juu na chini na pande zote. Jointi ya ndani iliyolika huwa na uchezo unaohisika mkononi, na ndiyo inayoyumbisha gari wakati wa kukanyaga. Jointi ya nje ikifa hulia ta-ta-ta unapokata kona, jambo ambalo ni tofauti, ingawa mara nyingi wauzaji huwauzia watu jointi ya nje kwa tatizo la ndani.

Ukifika hapa na gari bado linatetemeka

Mtetemo mwembamba, kama wa kupita juu ya ukanda wa matuta madogo, unaokuja ukikanyaga kwa wepesi kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa katika gari la otomatiki, huenda ni wa giaboksi. Angalia hali ya oili yake na uhakikishe ni ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na hatua za gia, ambazo zimo katika Nissan na Toyota nyingi ndogo, zina oili yake maalumu, na kuziwekea oili ya otomatiki ya kawaida huziharibu.

Gari likikosa nguvu zaidi na zaidi kadiri linavyopata moto, huku moshi ukitoka kwa shida, kichujio cha moshi huenda kimeziba, hasa kama liliendeshwa kwa muda mrefu likimisi.

Kodi ya silinda moja ikikataa kuhama baada ya kubadilisha koili, plagi na injekta, kagua waya na soketi ya koili hiyo, kwani panya hupenda kulala juu ya injini yenye joto usiku na kutafuna nyaya. Waya ukiwa mzima, kinachobaki ni kupima mgandamizo wa silinda. Tarakimu za kitabu ni za usawa wa bahari, na hapa Nakuru geji itasoma chini yake hata kwa injini nzima, kwa hiyo linganisha silinda na silinda wenzake: moja ikiwa chini mno kuliko zile nyingine tatu, valvu au ringi za pistoni zake zina kasoro. Kazi hiyo ni ya fundi wa injini. Mpelekee na daftari lako, lenye kodi ulizosoma na vipuri ulivyohamisha, ili aanzie kwenye silinda hiyo badala ya kukuanzisha tena kwenye plagi.